Usiidharau Pini ya Tela

Mpenzi msomaji, umepata kusimama kando ya barabara wakati wa mavuno, ukatazama trekta likipita na tela lililojaa magunia ya mahindi? Bila shaka umepata. Uliyatazama magunia ukayahesabu. Ukamtazama dereva na kofia yake. Ukawatazama vijana waliokaa juu ya mzigo. Lakini je, ulitazama pale katikati, mahali trekta na tela vinaposhikana? Pale pana pini moja ya chuma, haizidi sana unene wa vidole viwili, nayo ndiyo inayobeba dhamana ya vyote ulivyovitazama.

Leo nataka tuizungumze pini hiyo, na pete yake, na grisi yake. Mimi si fundi makanika. Nilisomea ualimu, na kazi yangu sasa ni ukarani wa parokia: daftari, stakabadhi na mihuri. Walakini somo hili nililifundishwa na daftari langu mwenyewe, na ada yake ilikuwa kubwa.

KALAMU NYEKUNDU

Parokia yetu ina trekta kuukuu na tela la magurudumu mawili. Hubeba mahindi ya watu kutoka mashambani, na mchanga na matofali ya ujenzi. Mwaka mmoja fedha zilikuwa haba. Kila mwezi dereva, mzee mpole wa maneno machache, aliniletea karatasi ya mahitaji: dizeli, mafuta ya injini, kopo la grisi. Dizeli niliipitisha, kwani bila dizeli trekta haliendi. Mafuta ya injini niliyapitisha pia. Grisi niliikata kwa kalamu nyekundu. Nilisema moyoni: tela halina injini, grisi ya nini? Miezi mitatu nilikata hivyo, nami nikajiona mtunzaji hodari wa mali ya watu.

Mwezi wa nne, trekta likipanda kilima kutoka mtoni, pini ilikatika. Tela lilirudi nyuma peke yake, likaacha njia, likaangukia korongoni pamoja na magunia ya nyumba tatu. Utingo aliyekuwa juu ya mzigo aliruka, akavunjika mguu. Muda mfupi kabla ya hapo watoto wa shule walikuwa wamepita njia ile ile wakirudi makwao. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo moyo hunishtuka.

Jioni dereva aliniletea vipande vya pini. Katikati ilikuwa imelika, imekuwa na kiuno kama cha nyigu. Nikasema, “Mzee, kumbe kopo moja la grisi lingaliiokoa.” Akatikisa kichwa. “Si grisi tu, Bwana Karani. Ningalikuwa na grisi ningaliichomoa kila Jumamosi niipake. Na ningaliichomoa, ningaliiona.”

Msomaji atauliza: kwani bila grisi hakuweza kuichomoa? Aliweza, naye mwenyewe alikiri. Lakini ndivyo tulivyo wanadamu: mahali ambapo mkono hauna kazi, jicho nalo haliendi. Basi yashike maneno ya mzee yule, kwa kuwa ndiyo kiini cha yote nitakayoyasema. Grisi hulinda chuma. Lakini kazi ya kupaka grisi humlinda mtu, maana humlazimu atazame.

KWA NINI CHUMA HULIKA?

Tela halikokotwi kwa utulivu kama mtu avutavyo kamba. Dereva akiongeza mwendo, pete ya tela huvuta pini kwa upande mmoja. Akipunguza, tela husukuma kwa upande wa pili. Akikata kona, pete huizunguka pini. Akipita shimoni, pete hupanda na kushuka. Na tela la magurudumu mawili huegemeza sehemu ya mzigo wake juu ya kiungo hicho. Hivyo chuma husugua chuma mchana kutwa, mahali padogo, kwa nguvu nyingi.

Pini ikiwa nyembamba kuliko tundu lake, mambo huzidi kuwa mabaya. Hapo haisuguliwi tu, bali hugongwa. Ukisikia “ko, ko, ko” nyuma ya trekta kila dereva akanyagapo breki, ujue nyundo inafanya kazi.

Grisi husaidiaje? Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na kitu kingine, mara nyingi aina ya sabuni, kama maji yanavyoshikwa na sifongo. Chuma kikibana, mafuta hutoka kidogo kidogo yakakaa katikati, chuma kisigusane na chuma. Mafuta matupu yangalitiririka yakaisha. Grisi hubaki pale ulipoiweka. Tena huzuia maji, na maji yakizuiwa, kutu hukosa njia.

Grisi inayouzwa sana madukani hutengenezwa kwa sabuni ya lithi. Mmarekani Clarence Earle alipewa hataza ya grisi za namna hiyo mwaka 1942, nazo zilipendwa upesi kwa sababu huvumilia joto na maji kwa pamoja. Ukienda dukani tazama kopo: tafuta maandishi NLGI 2, ndiyo kipimo cha uzito wake, si nyepesi mno wala si ngumu mno. Ukiona pia herufi EP, maana yake imetiwa dawa ya kuvumilia mgandamizo mkubwa, nayo yakifaa kiungo cha tela vizuri sana.

ADUI NI MCHANGA

Hapa wengi hukosea. Hudhani grisi ikiwa nyingi ndiyo salama zaidi, hivyo hupaka mpya juu ya kuukuu, wiki baada ya wiki, mpaka kiungo kinaonekana kama kichuguu cheusi. Hasha! Grisi hunata, na vumbi la barabara zetu hushikwa nayo. Grisi iliyochanganyika na mchanga si grisi tena, ni msasa. Badala ya kulinda, hutafuna.

Nguvu ya mchanga Tanzania yaijua tangu zamani. Ule Mradi wa Karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza huko Kongwa mwaka 1947, ukafutwa mwaka 1951, ulikuwa na sababu nyingi za kushindwa. Lakini mojawapo ya shida zake za kila siku ilikuwa udongo wenye chembe ngumu za mchanga, uliotafuna vyuma vya zana za kulimia. Ikiwa mchanga uliweza kutafuna jembe la trekta, utaionea huruma pini?

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: futa kwanza, paka baadaye. Na ukipaka, paka utando mwembamba tu. Ziada haisaidii kitu, huvuta vumbi.

KAZI YENYEWE

Haya, msomaji, tushike kazi. Vitu unavyohitaji ni vichache: matambara, brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo ndani ya kopo, grisi, na bomba la grisi ikiwa kiungo chako kina vichuchu vya kutilia.

Kwanza, simamisha trekta mahali tambarare, zima injini, funga breki ya mkono. Tia mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya tela, na ushushe mguu wa kulisimamisha juu ya ardhi ngumu au kipande cha ubao. Tela lililochomolewa pini bila kuzuiwa ni kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba.

Pili, chomoa pini. Ifute yote kwa tambara lenye mafuta ya taa, kisha kwa tambara kavu. Futa na tundu la pete, ndani kabisa. Kutu ikiwapo, itoe kwa brashi ya waya.

Tatu, na hili ndilo kubwa: tazama. Peleka pini mwangani. Pitisha ukucha juu yake toka juu hadi chini. Ukucha ukikwama penye ngazi, hapo imelika. Ilaze juu ya kioo au ubao ulionyooka uivingirishe, ikirukaruka, imepinda. Kisha ingia kwenye pete: tundu lake ni la duara bado, au limekuwa refu kama yai? Ukingo wake wa mbele umekuwa mwembamba? Je, kuna ufa mahali pete ilipounganishwa na mkono wa tela? Ufa mara nyingi hujionyesha kama mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi. Shika pia nati za bolti zote kwa spana, uhakikishe zimekaza.

Nne, paka. Chota grisi kiasi cha ncha ya kidole, uisambaze juu ya pini na ndani ya pete mpaka chuma king'ae. Kama pana vichuchu, vifute kwanza, maana bomba likiwekwa juu ya kichuchu kichafu husukuma mchanga ndani. Piga polepole mpaka uone grisi ya zamani ikijitokeza pembeni, kisha ufute iliyotoka.

Tano, rudisha pini na ifunge kwa kipini chake cha usalama. Si kwa msumari, wala si kwa waya wa uzio. Waya hukatika, pini hupanda kwa mitikisiko, na siku moja dereva hugeuka nyuma asione tela.

Je, kazi hii ifanywe mara ngapi? Tela likifanya kazi kila siku, mara moja kwa wiki yatosha. Wakati wa matope, au vumbi jingi, au baada ya kuliosha, ongeza. Kutazama kwa macho ni kila unapolifunga tela, bila kukosa. Na likikaa bila kazi majira mazima, paka grisi kisha ufunike kwa kipande cha nailoni au kopo. Wasomaji wetu wa pwani wazidishe uangalifu, kwa sababu hewa yao ya chumvi huleta kutu upesi.

TAHADHARI MBILI ZA MWILI

Usitie kidole tunduni kupima kama matundu yamelingana wakati trekta linarudishwa nyuma. Tumia kipande cha chuma. Wala asisimame mtu kati ya trekta na tela linaposogezwa. Amwongoze dereva akiwa pembeni, mahali anapoonekana.

Jambo la pili halijulikani kwa wengi. Bomba la grisi lina mgandamizo mkubwa mno. Likiteleza, au mpira wake ukitoboka, laweza kuingiza grisi chini ya ngozi. Kidonda chake huonekana kidogo, kama cha mwiba, wala pengine hakiumi sana siku ya kwanza. Usidanganyike. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aelezwe waziwazi kwamba ni grisi iliyoingia. Kuna watu waliopoteza kidole, hata mkono, kwa kungoja kesho.

VITU VISIVYOFAA KUPAKWA

Wengine hupaka mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka injini, kwa kuwa hayana bei. Mafuta hayo yamejaa masizi na chembe za chuma, hutiririka upesi, na yakigusa ngozi mara kwa mara kwa muda mrefu yaweza kuleta saratani. Wengine hupaka mafuta ya kupikia. Hayo huchacha na kuvuta sisimizi. Tena usichanganye ovyo grisi za aina mbili. Ziko zisizopatana, nazo zikikutana hulainika zikatoka. Ukitaka kubadili aina, futa ya zamani yote kwanza.

GRISI HAIPONYI

Sasa nisikilize vizuri. Chuma kilicholika hakirudi. Grisi juu ya pini iliyolika ni kama kitambaa kizuri juu ya kidonda kibaya: huficha, haiponyi.

Nawe usiseme, “Imelika kidogo tu.” Tufanye hesabu ya shuleni. Chukua pini yenye unene wa milimita 30 iliyolika pande zote ikabaki milimita 27. Imepoteza sehemu moja ya kumi ya unene wake. Je, nguvu zake nazo zimepungua sehemu moja ya kumi? Sivyo. Nguvu za kustahimili kukatwa hufuata unene uliozidishwa kwa unene: zimebaki sehemu 81 kwa 100. Na nguvu za kustahimili kupindwa hufuata unene uliozidishwa mara tatu: zimebaki sehemu 73 hivi. Zaidi ya robo imekwenda, na jicho lililozoea halijaona kitu!

Kitabu cha mtengenezaji hutaja kipimo cha mwisho, kifuate. Ukikosa kitabu, linganisha na pini mpya, na ikiwa tofauti yaonekana wazi, nunua nyingine. Inunue iwe pini hasa ya kazi hiyo, yenye unene unaolingana na tundu. Kipande cha nondo hakikutengenezwa kwa kazi hii, hata kikiingia vizuri namna gani. Na pete iliyolika isijazwe kwa moto wa kuchomelea chini ya mwembe; ibadilishwe na fundi mwenye ujuzi.

Weka pia mnyororo wa usalama kati ya tela na trekta, uliofungwa kwenye chuma imara, si kwenye pini ile ile. Uwe na urefu wa kutosha kukata kona, lakini usiburute chini. Laiti siku ile tungalikuwa na mnyororo! Na siku zote tela lifungwe kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini, nyuma ya trekta. Ukifunga mzigo mzito juu zaidi, trekta laweza kuinua magurudumu ya mbele likampindukia dereva.

TELA LA GARI DOGO

Huenda wewe huna trekta, bali gari dogo linalovuta tela kwa tufe la chuma, mfano wa mpira mdogo, ambalo kichwa cha tela hulifunika kama kikombe. Kanuni ni zile zile: futa, tazama, paka utando mwembamba, funika. Ndani ya kichwa angalia kama kishikio kinajifunga chenyewe bila kulazimishwa.

Angalia hasa vipimo, kwani vimepigwa muhuri juu ya chuma. Tufe la Ulaya ni la milimita 50. Ya Marekani yako ya inchi 2, yaani milimita 50.8, na mengine madogo ya inchi 1⅞, karibu milimita 48. Tufe dogo likiingizwa katika kikombe kikubwa hukaa kama limefunga, kisha huruka penye tuta. Tufe la milimita 50 likilika mpaka 49, muda wake umekwisha. Ukishafunga, inua mkono wa tela kwa jeki yake: nyuma ya gari ikiinuka pamoja nao, kiungo kimeshika.

Kanuni ya grisi ina jambo moja linaloivunja. Viko vichwa vya tela, hasa vya matela ya kulala yatokayo Ulaya, vyenye vipande vya ndani vinavyolibana tufe ili tela lisiyumbe. Tufe la kiungo cha namna hiyo halipakwi grisi kamwe. Lisafishwe liwe kavu. Na kama kichwa cha tela lako kina mhimili unaoteleza kwa ajili ya breki, mhimili huo utiwe grisi kupitia vichuchu vyake, kwa maana ukikwama, breki za tela hazitafanya kazi ipasavyo.

DAFTARI JIPYA

Mguu wa utingo wetu ulipona, ijapokuwa asubuhi za baridi huchechemea. Magunia ya zile nyumba tatu tuliyalipa, na gharama ya hospitali, na ya kulitoa tela korongoni, na ya kulitengeneza. Nilipojumlisha nilikuta kwamba fedha hizo zingalinunua grisi ya kutumia miaka mingi kuliko niliyobakiza kazini. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Siku hizi katika daftari langu grisi ina mstari wake, nao haukatwi. Na kila Jumamosi mzee yule hupita dirishani pangu na pini mkononi, imefutwa, inang'aa. Hunipa niipitishie ukucha. Tukiridhika wote wawili naandika tarehe, naye huenda kuipaka.

Wewe je, msomaji? Kama una tela, au una ndugu mwenye tela, au mtoto wako hupanda la jirani akitoka shambani, usingoje Jumamosi. Kabla jua halijatua leo, mwambie mwenyewe aichomoe pini, aifute, naye aitazame.